Kutoka Kichwani Hadi Telani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mashewa, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



 Miaka kumi si haba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule tulipoandikishwa sasa anasoma, anachunga mbuzi, na akitumwa dukani anarudi na chenji kamili. Chama nacho kimefika umri huo. Si mchanga tena wa kubebwa mgongoni, wala hakijawa mzee wa kukaa barazani na kusifiwa. Umri huu ndio wa kuulizwa: umetumwa nini, na umerudi na nini?

Wenzetu waliotangulia wamesema juu ya mbegu, mikopo na bei. Sisi tumepewa sehemu ya uchukuzi, hasa habari ya trekta na tela. Pengine mtu atasema kwamba jambo hili ni dogo. Tunaomba tumjibu hivi: mkulima aweza kupata mvua nzuri, mbegu nzuri na mavuno mazuri, naye akabaki maskini kwa sababu mahindi yake yameoza njiani. Shamba humlisha mtu, lakini njia ndiyo impayo fedha. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie, tueleze chombo hiki kilitoka wapi, kimewafundisha nini watu waliotutangulia, na kinatudai nini sisi.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Nchi yetu ya Mashewa iko penye bonde la Lwengera, kati ya milima ya Usambara ya magharibi na ile ya mashariki, na ng'ambo ya Korogwe iko nchi ya Handeni. Katika nchi hizi, tangu zamani, mzigo ulikwenda juu ya kichwa cha mtu. Wazee wetu hawakukosa akili ya kufunga maksai kwenye mkokoteni. Walizuiwa na mdudu. Ndorobo walienea katika mapori ya Handeni na mabonde ya chini, na mnyama aliyeumwa na ndorobo alikonda na kufa. Basi binadamu akawa ndiye punda.

Hebu tufanye hesabu. Mpagazi wa msafara alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Gunia moja la mahindi la kilo 100 lilitaka wapagazi watatu. Magunia 30, ambayo leo twayapakia katika tela moja na kuyafunga kamba, yangetaka watu zaidi ya 90. Tena mpagazi hula. Tuseme anakula kilo moja ya posho kwa siku, na safari ni siku 15 kwenda na siku 15 kurudi. Atakuwa amekula kilo 30, karibu mzigo wote aliobeba. Ndiyo kusema kwamba katika safari ndefu, mtu aliyebeba chakula alikuwa akijibebea mwenyewe chakula cha kumwezesha kubeba. Hakuna biashara ya mahindi iwezayo kusimama juu ya hesabu ya namna hiyo.

Gari la moshi lilipunguza taabu hiyo kwa sehemu. Njia ya reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Walakini reli haitoki njiani mwake kuja kumfuata mkulima. Aliye karibu na stesheni alifaidika, na aliye mbali aliendelea kupanga foleni ya vichwa hadi stesheni.

Ndipo ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na vita hiyo ilipita hapa hapa petu. Wajerumani walitandika reli nyepesi ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni, wapate kupitisha vyakula na risasi kuelekea kusini, na vitoroli vile vilisukumwa kwa mikono ya watu. Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kwa kufuata mto Pangani, yakaingia Korogwe na Handeni. Farasi, nyumbu na maksai waliokuja nao walikufa kwa maelfu kwa maradhi ya ndorobo. Motokaa za Ford zilikuwako, nazo zilipendwa kwa kuwa ni nyepesi na zaweza kusukumwa na watu zikikwama. Lakini zilikuwa chache, na masika ilipoanza barabara ziligeuka matope. Kwa hiyo walirudi kwenye kichwa cha Mwafrika.

Twapenda tusimame hapa kidogo, Bwana Mwenyekiti, maana hapa pana deni. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu ni zaidi ya 90,000. Wengi makaburi yao hayajulikani. Jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, palipokuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi. Watu huenda pale kila siku kununua nguo na mboga, na wachache hukumbuka kwamba neno lile maana yake ni watu waliobeba mizigo mpaka wakafa.

Katika vita hiyo hiyo ilionekana hila moja ya ufundi ambayo ni chanzo cha maneno yetu ya leo. Wajerumani waliporudi nyuma katika reli ya kati waliharibu vichwa vya treni na madaraja. Mafundi wa Waingereza hawakungoja vichwa vipya vije kwa meli. Walichukua magari ya barabarani, wakayabadilisha magurudumu yapate kukaa juu ya reli, wakayafungia mabehewa mepesi nyuma. Gari lililoundwa libebe mzigo wake mgongoni likageuzwa kuwa kitu cha kuvuta mzigo wa nyuma yake. Tofauti hiyo kati ya kubeba na kuvuta yaonekana ndogo, lakini ni kubwa sana. Punda anayebeba hutosheka na mzigo mdogo, naye yule yule akifungiwa mkokoteni huvuta mkubwa zaidi.

Wakati ule ule wakulima na wahunzi wa Marekani nao walikuwa wamegundua jambo hilo. Mwaka 1908 Henry Ford wa Detroit alitoa motokaa yake ya aina ya T. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, lakini ilikuwa rahisi, na mkulima aliweza kuitengeneza mwenyewe kwa spana na waya. Mpaka mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15. Mwaka 1914, katika mji ule ule wa Detroit, mhunzi mmoja aliyeitwa August Fruehauf aliombwa na mfanyabiashara wa mbao amtengenezee kitu cha kuchukulia mashua yake. Fruehauf akaunda tela, akaliegemeza juu ya motokaa ya Ford kwa nyuma, na mashua ikasafiri. Mwenye mbao alipoona hivyo akataka tela jingine la mbao zake. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kiwanda kikubwa cha matela.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Waliuza vifaa katika sanduku, kwa bei ya dola mia mbili hivi, vya kuigeuza motokaa ya Ford iwe trekta. Mkulima alifungua magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake gia ndogo mbili, nazo zikazungusha magurudumu makubwa ya chuma yenye meno. Maana ya kazi hii ni rahisi kuifahamu. Gia ndogo ikizungusha kubwa, mwendo hupungua na nguvu huongezeka, kama vile mtu anayepanda Usambara kwa hatua fupi fupi afikavyo juu na mzigo wake, na yule anayekimbia hukatikiwa pumzi njiani. Jumapili magurudumu ya motokaa yalirudishwa, na jamaa wakapanda kwenda kanisani. Jumatatu wakayatoa tena.

Jambo hilo lavutia sana kulisikia, lakini lilikuwa na kasoro zake, na kasoro hizo ndizo tulizokuja kuzisema. Injini iliyoundwa kumkimbiza mtu mwepesi barabarani haikupenda kukokota kutwa nzima kwa mwendo wa mtu atembeaye. Ilichemka, na wauzaji wakalazimika kuongeza rejeta kubwa zaidi. Petroli yake ilishuka yenyewe kutoka tangi mpaka kwenye injini bila kusukumwa. Kwa hiyo katika mlima mkali, tangi likiwa na mafuta machache, dereva alilazimika kugeuza gari na kupanda kinyumenyume. Na breki zake zilitosha kuisimamisha motokaa yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameziuliza kama zingeweza kusimamisha na tela la nyuma.

Mwaka 1917 Ford akatoa trekta kamili, Fordson, lisilokuwa motokaa iliyogeuzwa. Lilikuwa la bei nafuu, likaenea mpaka Uingereza na Urusi. Walakini nalo lilikuwa na hatari: magurudumu ya nyuma yakikwama huku injini inavuta, mbele iliweza kuinuka na trekta likamwangukia dereva. Tena magurudumu yake yalikuwa ya chuma. Yalifaa shambani, yakaharibu barabara, na mtu hakuweza kwenda mwendo mrefu bila kuumia mgongo. Mwaka 1932 kiwanda cha Allis-Chalmers huko Marekani kilianza kuuza trekta lenye matairi ya mpira yaliyojaa upepo. Tangu hapo trekta likaweza kutoka shambani, likaingia barabarani na tela lake, likaenda sokoni. Harry Ferguson naye alibuni mikono ya kuinua majembe kwa nguvu ya mafuta, na matrekta yake madogo yaliyotengenezwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956 yakazidi 500,000. Tela lake liliundwa ili sehemu ya uzito wa shehena ikandamize magurudumu ya nyuma ya trekta, yasiteleze. Wengi wenu mmeyaona matrekta ya jamii hiyo, ambayo wazee wetu waliyaita tingatinga.

Kuna nchi nyingine inayotupa mfano ulio karibu zaidi na haja yetu, nayo ni Uswidi. Katika miaka ya shida ya 1930 na katika vita ya pili, wakulima wa huko walikata motokaa kuukuu, wakaondoa sehemu ya nyuma na kuzifanya matrekta ya bei rahisi. Serikali ikayakubali na kuyawekea kanuni. Kwa kuwa yalihesabiwa kuwa matrekta ya mwendo mdogo, vijana wasio na umri wa kuendesha motokaa waliruhusiwa kuyaendesha, na polepole kazi ya kulima ikasahauliwa. Yakawa magari ya kuchukua rafiki, na rafiki wa rafiki, wengine wakikaa nyuma penye mizigo. Ajali ziliongezeka. Mwaka 2023 serikali ya nchi ile ilitoa amri kwamba kila abiria wa chombo hicho lazima awe na kiti chake na mkanda wake. Nchi tajiri ilichukua zaidi ya miaka themanini kufika kwenye amri hiyo. Sisi hatuna sababu ya kungoja muda huo wote.

Sasa turudi kwetu. Nchi yetu imekwisha kupata mafunzo ya mitambo kwa bei kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta ya kila namna, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mafundi walikuwa haba, vipuri havikulingana, ardhi haikupimwa vema, na mwaka 1951 mpango ukakatizwa baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Baada ya uhuru, vyama vyenyewe vya ushirika vya Usukuma, chini ya Shirikisho la Victoria, vilianza mwaka 1964 kulima mashamba ya pamoja kwa matrekta. Nia ilikuwa njema. Lakini matrekta yalifanya kazi siku chache katika mwaka na kusimama siku nyingi, gharama zikayazidi mapato, na kabla miaka ya 1960 haijaisha kazi hiyo ikaachwa. Na baada ya mwito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, pawatila zilienea vijijini. Sehemu nyingi watu waliziona zikivuta tela lenye magunia na abiria kuliko zilivyoonekana shambani.

Wako wanaolisimulia jambo hilo la mwisho kwa kucheka, kana kwamba mkulima hakuelewa alichopewa. Sisi twaona kwamba mkulima alielewa vizuri sana. Kulima ni kazi ya majuma machache. Kuchukua ni kazi ya mwaka mzima: mbolea na mbegu kabla ya mvua, mahindi na maharage baada ya mavuno, machungwa kwa msimu wake, kuni, mchanga, matofali, mabati ya shule, mgonjwa wa ghafula. Injini inayosimama huku mkopo wake unakimbia ni hasara. Kwa hiyo trekta la Chama lazima livute, na tela si nyongeza ya trekta. Kwa mkulima wa Mashewa, tela ni nusu ya faida yake.

Lakini hapa ndipo penye jambo linalotukalia moyoni, nasi hatutalificha katika kijitabu cha sherehe, maana sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tu.

Msimu mmoja katika miaka hii kumi, tela letu lilikuwa linatoka vijijini jioni, limejaa magunia, mengine yakiwa ya lumbesa. Juu ya magunia walikaa watu, wake kwa waume, na watoto. Sisi wenyewe wa kamati ya uchukuzi tulikuwapo wakati wa kupakia. Tuliwaona wakipanda, tukanyamaza, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na hapakuwa na gari jingine. Kwenye mteremko, barabara ikiwa imelowa, tela lilianza kusukuma. Dereva akashika breki, trekta likapunguza mwendo, tela halikupunguza. Likajipinda ubavuni, likalala. Mungu alitusaidia, hakufa mtu. Lakini mama mmoja alivunjika mguu chini ya magunia yake mwenyewe, naye hakulima mwaka ule.

Yatupasa tueleze sababu yake, ili asiwepo wa kusema ni mkosi. Trekta la wastani lina uzito wa tani mbili au tatu. Magunia 30 ya kilo 100 ni tani tatu, mbali na uzito wa tela lenyewe na watu waliokaa juu. Katika kupanda, mwenye nguvu ni trekta. Katika kushuka, mwenye nguvu ni tela, na kama tela halina breki zake, trekta huwa kama mtoto anayesukumwa na mtu mzima. Dereva akiikanyaga klachi au kuitoa gia, amekwisha kuachia kamba. Akishika breki kwa ghafula, tela humzunguka. Kasoro hiyo ndiyo ile ile ya motokaa za mwaka 1914: breki za kumtosha mvutaji, zisizomtosha mvutwaji. Na mtu aliyekaa juu ya magunia, tena ya lumbesa, huinua uzito juu na kulifanya tela liwe tayari kuanguka kabla ya kona.

Tulipokwenda hospitali kumwona yule mama tulimwuliza, kwa nini hukungoja gari la abiria la asubuhi? Akatujibu, "Wanangu, ningelala vipi na gunia langu limekwenda peke yake? Nani angelijua ni langu?"

Ndugu zetu, jibu hilo lilituaibisha kuliko ajali yenyewe. Tulikuwa tumedhani watu hupanda juu ya mizigo kwa kukosa nauli, au kwa ukaidi. Kweli wako wa namna hiyo. Lakini wengi hupanda kwa sababu hawaamini kwamba mzigo utafika kamili. Mtu hukaa juu ya gunia lake kama kuku juu ya mayai. Na kama mwanachama hawezi kukitumaini Chama chake na gunia moja mpaka Korogwe, basi tumejenga ushirika wa nini? Ushirika maana yake ni kwamba mali yangu ikiwa mikononi mwa wenzangu iko salama kama iliyo mikononi mwangu. Hilo likipungua, ofisi na mihuri haviwezi kuliongeza.

Kwa ajili hiyo twaleta mbele yenu mambo manne, tukiomba yakubaliwe na mkutano huu na kuandikwa katika kanuni zetu.

La kwanza ni stakabadhi. Kila gunia lipimwe mbele ya mwenyewe kabla ya kupakiwa, liandikwe alama yake, na mwenyewe apewe karatasi yenye jina, uzito na tarehe. Likipungua njiani, Chama kilipe bila kumzungusha mtu. Makatibu watasema kazi itaongezeka. Ni kweli, itaongezeka. Lakini kalamu na kitabu ni rahisi kuliko mguu wa mtu.

La pili, asipande mtu juu ya shehena, awe mwanachama, mjumbe, au ndugu ya dereva. Dereva akikataa kuondoka mpaka watu washuke, Halmashauri imwunge mkono, hata kama aliyeshushwa ni mmoja wetu. Twasema hili kwa sababu dereva ni kijana, na anayemwamuru ni mzee mwenye heshima. Msimwache peke yake.

La tatu ni breki na uzito. Tela lisilo na breki zake lisishuke mlima na shehena kamili. Lumbesa ikomeshwe mlangoni mwa ghala, maana inamwibia mkulima kwa mnunuzi, na inamwua barabarani. Masika ikikata njia, mzigo ungoje. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa penye chanja huweza kungoja juma moja.

La nne ni mfuko wa matengenezo. Katika kila safari sehemu ya malipo itengwe kwa matairi, mafuta ya injini na vipuri, isiguswe kwa posho za vikao wala kwa sherehe, hata sherehe kama hii. Mpango wa karanga na mashamba ya Usukuma yatuonya hivyo. Mashine hufa kidogo kidogo kwa oili isiyobadilishwa na nati isiyokazwa, na siku iangukapo watu husema ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Tunajua lipo swali: na abiria je? Mama mwenye mtoto mgonjwa, mwanafunzi anayekwenda shule, mzee anayerudi gulioni, watasafiri na nini? Hilo ni swali la haki, na kusema "hairuhusiwi" hakulijibu. Twashauri kwamba Halmashauri, kabla ya kufikiri trekta la pili, ifikiri kwanza gari la abiria lenye viti, au mapatano na wenye magari ya abiria wa hapa petu kwa siku za gulio. Watu wawe na chombo chao, na mizigo iwe na chombo chake. Mpaka hapo, mgonjwa wa ghafula akae mbele katika gari lolote la Chama, na mzigo umngoje yeye.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi, nasi hatupendi kuwachosha watu wanaonukia pilau. Tumalizie hivi. Wale wapagazi waliopita Handeni na Korogwe mwaka 1916 walikuwa chini ya mzigo, na wengi hawakutoka. Injini ya motokaa iliyogeuzwa ikavuta, na baada yake tingatinga na tela, ni vyombo vilivyomtoa binadamu chini ya mzigo. Hiyo ndiyo heshima yake kubwa. Tusiichukue zawadi hiyo tukamtoa mtu chini ya gunia ili tumweke juu ya gunia, mpaka siku tela litakapolala na kumrudisha chini yake tena.

Katika miaka kumi ijayo hatuombi tusifiwe kwa idadi ya matrekta. Twaomba isemwe kwamba mwanamke wa Mashewa alimkabidhi karani gunia lake, akapokea karatasi yake, akaenda nyumbani kupika, akalala usingizi mpaka asubuhi. Siku hiyo tutajua kwamba Chama kimetumwa na kimerudi na chenji kamili.

 Umoja ni nguvu.